Mgeni wako akiugua Uingereza: jinsi ya kujua kama hospitali itamdai pesa

Kila kiangazi, wageni wakianza kumiminika, na simu nazo huanza. Mama kaja kuona wajukuu, presha imepanda, kalazwa siku nne. Wiki tatu baadaye barua inaingia mlangoni. Anayepiga simu husema karibu maneno yaleyale: "Lakini tulimwandikisha kwa GP, akapewa na namba ya NHS. Si ina maana ni bure?"

Hapana. GP (daktari wa mtaa) na namba ya NHS (huduma ya afya ya serikali) si tiketi ya hospitali bure. Na kosa ni lilelile kila mara: watu huanza na sifa za mgonjwa (paspoti yake, undugu wake, kodi anayolipa mwanawe) kabla ya kuuliza anatibiwa nini, na wapi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, jibu litakupotosha.

Mwongozo huu ni wa England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana kanuni zao, kwa hiyo mgeni wako akiwa Glasgow au Cardiff usiyatumie haya kama yalivyo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Paspoti ya mgonjwa, na tarehe aliyoingia nchini.
- Aina ya viza yake. Wenye viza ya kielektroniki waingie kwenye akaunti yao ya UKVI (idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza) na kutoa msimbo wa kushirikisha taarifa (share code). Chagua ule wa matumizi mengine, unaoanza na herufi S. Ule wa W ni wa kazi na wa R ni wa kupanga nyumba. Msimbo hudumu siku 90.
- Barua pepe au risiti inayoonyesha kuwa ada ya afya ya uhamiaji, ile IHS, ililipwa, kama ililipwa.
- Tiketi ya kurudi. Usiidharau, utaona kazi yake kwenye hatua ya 5.
- Karatasi za bima ya safari, na namba ya simu ya dharura ya bima yenyewe.
- Kadi ya afya ya Ulaya, kwa wanaotoka Ubelgiji, Uholanzi, Denmark na kwingineko katika Umoja wa Ulaya.
- Daftari. Andika jina la kila mfanyakazi unayezungumza naye, saa na alichosema.

## Hatua ya 1: Tazama huduma kabla ya kumtazama mtu

Ziko huduma ambazo halipi mtu yeyote, hata kama ametua Heathrow asubuhi hiyohiyo, hata kama viza yake iliisha mwaka juzi. Ukikuta huduma unayoitaka imo humu, na mgonjwa hahitaji tiba nyingine ya hospitali, kazi yako imekwisha.

GP. Kumwona daktari wa mtaa ni bure kwa kila mtu. Unajaza fomu, mara nyingi ile ya GMS1, na kituo hakipaswi kukukatalia kwa kuwa huna paspoti au huna barua yenye anwani. Mapokezi mengi bado wanazidai. Sema kwa upole kwamba si sharti, na ukikwama mwombe meneja wa kituo.

A&E (idara ya dharura ya hospitali) na simu ya 111 (ya ushauri wa NHS). Hakuna malipo. Ila hapa ndipo wengi wanapoanguka, basi soma taratibu. Bure ya A&E inakoma pale daktari anapoamua kumlaza mgonjwa, au anapompa miadi ya kurudi kliniki. Mama anaweza kuwa bado amelala kwenye machela ileile, kwenye korido ileile, na dripu ileile mkononi. Akishapokelewa kama mgonjwa wa kulazwa, bili imeanza kuhesabu. Operesheni ya dharura inahesabiwa. Kitanda cha wagonjwa mahututi kinahesabiwa. Neno "dharura" halifuti bili. Linachofanya ni kuzuia hospitali isimwache bila kumtibu, na hilo ni jambo jingine tutakalolifikia.

Maradhi ya kuambukiza yaliyoorodheshwa. Kifua kikuu, malaria, kipindupindu, homa ya ini, surua na mengineyo: kuyapima na kuyatibu ni bure. Magonjwa ya zinaa pia, na VVU tangu Oktoba 2012. Mgeni aliyetoka Kigoma au Kilifi akipatwa na homa kali wiki ya pili, asikae ndani akimeza Panadol kwa kuogopa gharama. Aende, na aseme mwenyewe ametoka nchi yenye malaria, maana daktari wa huku haanzi na wazo hilo kama wa kwetu.

Uzazi wa mpango. Bure, ila kutoa mimba na matibabu ya ugumba havimo.

Majeraha ya ukatili. Maradhi yaliyosababishwa na mateso, ukeketaji, ukatili wa nyumbani au wa kingono yanatibiwa bure, mradi mtu hakusafiri kuja Uingereza kwa ajili ya matibabu hayo.

*Utajua umefanikiwa ikiwa:* unaweza kusema kwa sentensi moja, "Anachohitaji ni kitu fulani, katika idara fulani, na kimo au hakimo kwenye orodha ya bure." Kama hakimo, endelea.

## Hatua ya 2: Tazama aliingiaje nchini

Sasa ndiyo tunamtazama mtu. Swali la kwanza ni viza, kwa sababu ndilo linalomaliza kesi nyingi kwa dakika tano.

Alilipa IHS? Wanaokuja kwa zaidi ya miezi sita kusoma, kufanya kazi au kuungana na mwenza hulipa ada hii wakati wa kuomba viza. Tangu 6 Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na 776 kwa mwanafunzi au mtoto wa chini ya miaka 18. Aliyelipa hutibiwa hospitali kama mkazi tangu viza yake inapoanza hadi inapoisha. Kitu kikubwa kisichomo ni kupandikiza mimba, na dawa za kuandikiwa na daktari analipia kama wengine: pauni 9.90 kwa kila dawa tangu Mei 2024.

Alisamehewa IHS? Wauguzi na wahudumu waliokuja kwa viza ya wafanyakazi wa afya hawatozwi ada hii, wao na wategemezi wao, na hospitali inawatibu sawasawa na waliolipa. Wakenya wengi wa kundi hili hubabaika wanapoulizwa risiti. Huna risiti kwa sababu hukutozwa, onyesha viza.

Viza ilikuwa inaisha na ameomba nyingine? Ikiwa aliomba kabla ya siku ya mwisho, haki zake zinaendelea hadi ajibiwe. Aweke uthibitisho wa siku aliyotuma maombi. Ikiwa aliomba baada ya siku ya mwisho, kinga hiyo hana.

Alikuja kwa viza ya utalii au kutembelea ndugu? Huyu hakulipa IHS, na kwa kawaida anadaiwa. Tahadhari na viza ya miaka miwili, mitano au kumi. Nimewahi kuonyeshwa viza ya miaka kumi na mzee aliyeishika kama hati ya shamba, ana hakika kabisa kwamba yeye si mgeni tena. Viza hiyo ni ruhusa ya kuingia mara nyingi tu, kila safari isizidi miezi sita, na kila safari ni mgeni upya.

Na mtoto je? Mtoto aliyezaliwa hapa na mzazi aliyelipa IHS anatibiwa bure miezi mitatu ya mwanzo, mradi hajatoka nje ya nchi. Baada ya hapo kinga hiyo imekwisha. Wanafunzi wengi huzubaa na usingizi wa uzazi hadi miezi minne. Ombeni viza ya mtoto, na ada yake, ndani ya muda huo.

*Utajua umefanikiwa ikiwa:* umepata viza, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na jibu la "alilipa, alisamehewa au hakulipa".

## Hatua ya 3: Je, ni mkazi wa kawaida?

Hii ndiyo hatua inayowauma watu, hasa wenzetu wenye paspoti ya Uingereza.

Sheria haitazami uraia. Inauliza kama mtu anaishi Uingereza kihalali, kwa hiari yake, na kwa dhumuni la kutulia hapa kama sehemu ya maisha yake ya kawaida kwa wakati huu. Si lazima awe amekaa miaka. Asiye raia wa Uingereza wala Ireland, na ambaye yuko chini ya udhibiti wa uhamiaji, lazima pia awe na ruhusa ya kukaa bila kikomo cha muda. Raia wa Umoja wa Ulaya waliopata hadhi ya makazi baada ya Brexit wana njia yao humohumo.

Kwa hiyo:

Mzaliwa wa Unguja mwenye paspoti ya Uingereza, aliyehamia Muscat miaka 15 iliyopita na amekuja London wiki tatu kwa harusi, anadaiwa. Kodi aliyolipa zamani haimsaidii.

Mtu huyohuyo akifunga nyumba Muscat, akarudi London kuishi, si mgeni tangu siku anayotua. Hakuna kungoja miezi sita. Atakachoombwa ni ushahidi: barua ya kuacha kazi, mkataba wa nyumba hapa, risiti ya kontena la vyombo, watoto kuandikishwa shule, tiketi ya kuja bila ya kurudi. Hakuna karatasi moja inayotosha peke yake. Wapelekee rundo.

Mama aliyekuja kwa viza ya kutembelea, halafu mwanawe akasema "sasa harudi tena, atakaa nasi", bado anadaiwa. Nia ya familia haibadilishi viza.

*Utajua umefanikiwa ikiwa:* unaweza kutaja vitu vitatu au vinne vilivyoandikwa vinavyoonyesha maisha yake yako hapa. Kama unachotaja ni undugu tu, jibu ni hapana.

## Hatua ya 4: Makundi yenye msamaha, na nchi zenye mkataba

Asiye mkazi anaweza bado kusamehewa. Pitia haraka uone kama anaingia katika kundi hata moja:

- Mkimbizi aliyekubaliwa, au mwombaji hifadhi ambaye ombi au rufaa yake haijamalizika.
- Aliyekataliwa hifadhi lakini anapewa makazi na posho na serikali chini ya vifungu vya 95 au 4(2) vya sheria ya uhamiaji na hifadhi ya mwaka 1999.
- Mtoto aliye chini ya ulezi wa halmashauri.
- Aliyetambuliwa, au anayeshukiwa, kuwa alisafirishwa na kutumikishwa kama mtumwa.
- Mfungwa, aliyezuiliwa na uhamiaji, au aliyelazwa kwa lazima chini ya sheria ya afya ya akili.

Wenye kadi ya afya ya Ulaya hutibiwa kwa kadi hiyo kile kisichoweza kungoja hadi warudi kwao. Shangazi wa Brussels akivunjika nyonga Birmingham, kadi yake ya Ubelgiji inafanya kazi. Akija makusudi kubadilishwa nyonga, haifanyi.

Ama mikataba baina ya nchi na nchi: Australia na New Zealand wanayo. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo hawana. Kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Madola hakuleti chochote hapa. Hili naulizwa kila mwezi.

## Hatua ya 5: Anadaiwa. Je, atibiwe kwanza au alipe kwanza?

Mkifika hapa, mgonjwa anadaiwa. Bei ni asilimia 150 ya ile ambayo hospitali ingeitoza NHS kwa mkazi. Kwa mfano, huduma yenye bei ya pauni 4,000 kwa mkazi itamfikia mgeni kwa pauni 6,000.

Tangu 23 Oktoba 2017 hospitali inatakiwa kudai pesa zote za makadirio kabla ya kutibu, isipokuwa daktari ameona mambo hayawezi kungoja. Daktari huweka tiba katika fungu moja kati ya matatu:

1. Ya lazima sasa hivi: kuokoa maisha, kuzuia hali isifike kuhatarisha maisha, au kuzuia madhara ya kudumu. Atibiwe, bili baadaye. Huduma zote za ujauzito na kujifungua zimo humu daima.
2. Ya haraka: si ya dakika hii, lakini haiwezi kungoja hadi mgonjwa aweze kuondoka nchini. Hapa ofisi ya malipo ya hospitali itajaribu kupata pesa mapema, lakini matibabu hayapaswi kuzuiwa au kucheleweshwa kwa sababu ya pesa.
3. Inayoweza kungoja: akarudi kutibiwa kwao. Hapa bila pesa hakuna tiba.

Sasa ile tiketi. Daktari hawezi kuamua kama ugonjwa "unaweza kungoja hadi aondoke" bila kujua anaondoka lini. Kama ndege ni baada ya miezi mitano, uvimbe uliokuwa wa fungu la tatu kwa mtu wa wiki mbili unaweza kuwa wa fungu la pili kwake. Kama madaktari wenyewe wamemkataza kupanda ndege, hilo liandikwe. Mpe daktari tarehe ya kweli.

Anayeamua fungu ni daktari. Mtu wa ofisi ya malipo hana mamlaka hayo. Akikwambia "bila kulipa hatibiwi", muulize: "Daktari gani ameandika kuwa inaweza kungoja?" Jibu liandike kwenye daftari.

Onyo: wajawazito wanaokwepa kliniki kwa hofu ya bili wanajitia hatarini bila faida. Bili ya kujifungua itakuja vilevile, ila uchungu utamkuta hakuna aliyempima presha wala damu. Shirika la hisani la Maternity Action linatoa ushauri wa bili za uzazi.

## Hatua ya 6: Mazungumzo na ofisi ya wageni

Siku ya pili au ya tatu atakuja mtu kitandani na ubao wa kuandikia. Si muuguzi. Ametoka katika ofisi inayoshughulikia wagonjwa wa kutoka nje, na kazi yake ni maswali haya tunayoyapitia.

Omba mkalimani wa Kiswahili, hulipii. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kukaa kando ya kitanda cha mama mmoja wa Tanga aliyeulizwa kwa Kiingereza kama ameishi nchini miezi 12 iliyopita. Yeye akasikia "mwaka jana ulikuja?" Akatikisa kichwa: ndiyo, alikuja, alikaa wiki sita. Fomu ikatiwa alama, akatibiwa kama mkazi, na miezi miwili baadaye ukweli ulipogundulika, familia ilionekana imedanganya. Ilichukua barua tatu kusafisha jina, na bili ikabaki palepale.

Mambo manne ya kushika:

Sema kweli. Kudanganya ili upate huduma bure ni kosa la jinai.

Usitumie jina la ndugu. Nimeshawahi kuombwa ushauri wa namna ya kumpeleka dada kwa namba ya NHS ya mdogo wake. Acha pesa; fikiria damu. Kundi la damu, mzio wa dawa na vipimo vya mmoja vinaingia kwenye faili la mwingine, na siku yule mwenye namba yake akiletwa hajitambui, watamtibu kwa historia isiyo yake.

Mwenyeji, usitie saini bila kusoma. Anayedaiwa kisheria ni mgonjwa mwenyewe, au mzazi kama mgonjwa ni mtoto. Kumwandikia mama barua ya mwaliko hakukufanyi mdaiwa. Lakini ipo karatasi ya kuahidi kulipa, na ukiitia saini pale wodini, na roho juu, deni linaweza kuwa lako.

Ipigie bima siku hiyohiyo. Bima nyingi za safari zinataka kujulishwa kabla au mara baada ya kulazwa. Ukingoja hadi bili, utapewa sababu ya kunyimwa. Angalia pia kama presha na sukari alizokuwa nazo zilitajwa wakati wa kukata bima. Nyingi huanguka hapo.

*Utajua umefanikiwa ikiwa:* una jina la ofisa, nakala ya fomu iliyojazwa, na uamuzi kwa maandishi: anadaiwa au hadaiwi, kwa sababu ipi.

## Hatua ya 7: Bili imefika

Usiilipe siku hiyo, na usiitupe droo.

Kwanza ilinganishe na hatua ya 1. Je, wamemtoza saa za A&E kabla ya kulazwa? Wamemtoza tiba ya malaria au kifua kikuu? Omba mchanganuo wa kila kitu na tarehe zake. Kama kuna kosa, andika barua pepe fupi kwa ofisi hiyo ukitaja huduma na sababu ya kusamehewa. Isipojibiwa, peleka malalamiko kwa PALS, dawati la wagonjwa lililo katika hospitali nyingi.

Kama ulishalipa kisha ukapata ushahidi kuwa alikuwa na haki ya bure, kwa mfano uthibitisho wa IHS uliokuwa umepotea kwenye barua pepe, dai urejeshewe. Kanuni zinaruhusu. Ndiyo sababu hatutupi risiti.

Kama bili ni halali na pesa hakuna, omba kulipa kidogo kidogo, na upate makubaliano kwa maandishi. Taja kiasi unachokiweza kweli, hata kama ni kidogo. Ahadi kubwa iliyovunjwa mwezi wa pili inaharibu zaidi. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa hupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na linaweza kuwa sababu ya kunyimwa viza safari ijayo. Bibi anayetaka kumwona mjukuu wa pili atakutana na bili ya mjukuu wa kwanza pale anapoomba viza.

Ukisikia hospitali "imefuta" deni, uliza imefutaje. Mara nyingi wamelitoa kwenye hesabu zao tu kwa kuona halitalipika, na kwa upande wa mgonjwa bado lipo. Omba barua inayosema wazi kuwa mgonjwa hadaiwi chochote, na mgonjwa asafiri na nakala yake kwenye mkoba wa mkononi.